Rekodi ya Askari Ikikosewa: Kutoka Buluo na Likasi Hadi Athlone

Hati ya kuachishwa jeshi ni karatasi ya mwisho ambayo jeshi humpa mtu wake, na kwa askari wengi ndiyo pekee inayobaki mkononi baada ya bunduki na sare kurudishwa ghalani. Humo huandikwa jina, namba ya matrikule, tarehe ya kuingia na ya kutoka, vikosi alivyotumikia, cheo cha mwisho, nishani alizopata na sababu ya kuondoka. Pensheni huhesabiwa kutokana na mistari hiyo, na mjane na yatima hudai haki zao kwa mistari hiyohiyo. Herufi moja iliyokosewa inaweza kuzuia malipo kwa miaka. Sababu ya kuondoka ikikosewa, mtu huishi na doa mbele ya majirani na watoto wake. Ombi la kusahihisha rekodi huonekana kama shughuli ya makarani, kumbe ni dai la haki.

Katika Likasi, mji wa madini wa Haut-Katanga, sehemu kubwa ya matatizo ya majina imeletwa na historia yenyewe. Mfano ni wa kijana aliyeandikishwa jeshini mwaka 1958. Kijitabu chake kilisema amezaliwa Jadotville, mkoa wa Katanga, Kongo ya Kibelgiji, na kikamtaja kwa jina la ubatizo. Baadaye Jadotville ikaitwa Likasi, Katanga ikaitwa Shaba, na nchi ikawa Zaire mwaka 1971. Mwaka uliofuata serikali ya Mobutu ikawataka raia waache majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Mwaka 1997 Zaire ikarudia kuitwa Kongo na Shaba ikawa Katanga tena, na mwaka 2015 Katanga ikagawanywa, Likasi ikabaki upande wa Haut-Katanga. Mtu ni yuleyule, lakini karatasi zake zinazungumzia watu wawili tofauti, waliozaliwa katika miji miwili na mikoa mitatu. Karani wa pensheni asiyeijua historia hiyo hawezi kulaumiwa sana akilirudisha faili.

Jeshi nalo lilibadilika jina mara kwa mara. Force Publique ya Wabelgiji ilidumu hadi Julai 1960, likafuata jeshi la taifa lililojulikana kama ANC, kisha FAZ la wakati wa Zaire, FAC baada ya 1997, na FARDC kuanzia miaka ya mpito iliyoanza 2003. Katika mpito huo, makundi yaliyokuwa yakipigana yaliunganishwa kuwa jeshi moja, na kila kundi lilikuja na orodha yake. Nyingi za orodha hizo zilijazwa askari hewa ambao mishahara yao iliishia mifukoni mwa makamanda. Kuanzia Juni 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri, na askari wakapewa vitambulisho vyenye alama za vidole. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, hesabu ya namna hiyo humtambua anayesimama mbele ya mashine siku ya kuhesabiwa. Aliyekuwa hospitalini, aliyetekwa au aliyefungwa hubaki na mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa askari kweli.

Hapo ndipo jina la Buluo linapoingia. Kwa Wakongo wengi, sehemu hii ya Likasi inajulikana kwa gereza lake lenye ulinzi mkali, ambalo jina lake huandikwa pia Buluwo. Mwaka 1998 miongoni mwa wafungwa wake walikuwemo mwanasiasa Joseph Olenghankoy na Anselme Masasu Nindaga, mmoja wa waanzilishi wanne wa AFDL, muungano uliomwondoa Mobutu. Wakati huo mahakama iliyotisha ilikuwa Cour d'ordre militaire, iliyoundwa kwa amri ya Agosti 1997. Ilihukumu askari na raia pia, na hukumu zake hazikuwa na rufaa. Mahakama hiyo iliondoka baada ya sheria mpya za haki ya kijeshi za tarehe 18 Novemba 2002, ambazo zilirudisha ngazi za rufaa. Lakini aliyehukumiwa kabla ya hapo alikuwa tayari ameandikwa. Katika sheria ya kijeshi, mtu anaweza kuongezewa adhabu ya kuvuliwa cheo, na adhabu hiyo humtoa jeshini moja kwa moja. Kifungo huisha siku moja, ila neno lililoandikwa kama sababu ya kutoka halifutiki lenyewe.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi rekodi ya askari inavyoweza kusahihishwa kilianzia Likasi hiyohiyo, ingawa waliosahihishiwa hawakuwa Wakongo. Moïse Tshombe, kiongozi wa mkoa huo, alikuwa ametangaza Katanga kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na Umoja wa Mataifa ukapeleka majeshi Kongo. Mwanzoni mwa Septemba 1961 kampuni A ya batalioni ya 35 ya Ireland, watu wapatao 155 chini ya Komanda Pat Quinlan, ilipelekwa Jadotville kuwalinda wakazi. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba, wakati majeshi ya Umoja wa Mataifa yakianza operesheni mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Waireland wa Jadotville walishambuliwa wakiwa kwenye misa. Waliowavamia walikuwa askari wa jandarmeri ya Katanga pamoja na mamluki wa Kizungu, na idadi yao iliwazidi mara nyingi sana.

Mapigano yaliendelea siku tano. Ndege ya kivita aina ya Fouga iliwapiga kutoka angani. Misafara ya kuwaokoa ilizuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Helikopta moja ilifanikiwa kuwafikishia maji, lakini maji yale yalikuwa yamebebwa katika madumu ya mafuta na hayakunyweka. Tarehe 17 Septemba, risasi zikiwa zimekwisha na koo zimekauka, Quinlan alijisalimisha. Hakupoteza hata mtu mmoja. Waliojeruhiwa walikuwa watano. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kuhusu waliouawa upande wa Katanga hufikia 300. Usiku wa siku hiyohiyo, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, na dunia ikageuka kutazama huko. Waireland walikaa mateka hadi mwishoni mwa Oktoba.

Waliporudi kwao, hakuna aliyewaita mashujaa. Jeshi dogo la nchi changa liliona haya kwamba kikosi chake kimeinua bendera nyeupe. Jina la Jadotville likawa la kuwatania watu, tena kwa ukali, na kwa wengi utani huo uliwafuata hadi kustaafu. Quinlan alikuwa amependekeza zaidi ya askari wake 30 wapewe nishani za ushujaa, na bodi iliyohusika ikakataa. Rekodi za watu hao hazikuwa na uongo wa wazi. Kilichokosekana ndicho kilichowaumiza, kwa kuwa mbele ya jina la Jadotville palikuwa patupu, na watu wakapajaza aibu. Quinlan alifariki mwaka 1997 kabla ya kuona lolote likibadilika.

Kesi ilisukumwa na askari wa cheo cha chini. John Gorman, aliyekuwa na umri wa miaka 17 wakati wa mapigano, alitumia miaka mingi ya ustaafu wake kuandika barua na kubisha hodi kwa wakubwa akitaka mambo yachunguzwe upya. Mwaka 2004 Waziri wa Ulinzi Willie O'Dea alikubali mapitio kamili yafanyike, na jeshi likawasafisha Quinlan na kampuni yake. Mwaka 2005 jiwe la kumbukumbu lilizinduliwa katika kambi ya Custume mjini Athlone. Mwaka huohuo Declan Power alichapisha kitabu kuhusu mapigano hayo, na mwaka 2016 ikatoka filamu. Septemba 2016 kampuni nzima ilipewa sifa rasmi ya kikosi, na Desemba 2017 kila mmoja, au familia yake, akapewa medali maalumu ya Jadotville. Miaka 56 ilikuwa imepita, na wengi walikuwa makaburini.

Ukichunguza kwa nini walifanikiwa, majibu ni ya kawaida kabisa. Taarifa za Quinlan zilikuwepo. Mapendekezo ya nishani, ingawa yalikataliwa, yalihifadhiwa. Mashahidi walikuwa hai na walieleza jambo moja. Na kulikuwa na ofisi yenye mamlaka ya kusema kwamba jeshi lilikosea. Pasipo hilo la mwisho, barua za Gorman zingebaki kuwa barua tu.

Marekani iliifanya ofisi ya namna hiyo kuwa ya kudumu. Sheria ya mwaka 1946 iliruhusu kuundwa kwa bodi za raia za kusahihisha rekodi za kijeshi. Mwombaji hujaza fomu, huambatanisha ushahidi na hutakiwa kuomba ndani ya miaka 3 tangu agundue kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe kuchelewa. Hata huko haki huja kwa kuchelewa: askari weusi 167 waliofukuzwa bila heshima baada ya ghasia za Brownsville, Texas, mwaka 1906 walisafishwa mwaka 1972, na Dorsie Willis akakabidhiwa hati yake akiwa na miaka 87.

Kongo haina bodi kama hiyo, lakini si kweli kwamba hakuna njia. Hadhi ya mwanajeshi, pamoja na namna za kuacha utumishi, imewekwa na sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013. Kosa la jina au tarehe ya kuzaliwa huanzia kwa raia: mtu hupata hukumu ya mahakama ya amani inayothibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, kisha huipeleka kwa utawala wa jeshi. Kosa la cheo, miaka ya utumishi au sababu ya kuondoka huombwa kwa maandishi kupitia ngazi za amri hadi Wizara ya Ulinzi, ambayo pia ndiyo yenye dhamana ya wapiganaji wa zamani. Ombi likikataliwa au likinyamaziwa, sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 kuhusu mahakama za utawala inafungua mlango wa mahakama, ila mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba alilalamika kwanza kwa wahusika na kwamba hakuchelewa. Kwa mstaafu wa Likasi, Kinshasa ni mbali na mwanasheria ni ghali. Njia ya sheria ipo kwa mwenye nauli, na hilo ni dhuluma inayopaswa kusemwa waziwazi.

Wenye hali ngumu kuliko wote ni wale waliopigana upande wa pili wa Jadotville. Katanga ilipoanguka Januari 1963, wengi wa jandarmeri walivuka kwenda Angola. Baadhi yao, pamoja na vijana waliowafuata, walirudi kwa silaha mwaka 1977 na 1978, na wengine wakaja na AFDL mwaka 1997. Dola iliyowaandikisha haikutambuliwa kimataifa na ilidumu miaka miwili na nusu tu. Hakuna jeshi lililorithi mafaili yao kwa moyo mkunjufu, kwa hiyo hata kosa la kusahihisha halipatikani. Waliotumikia Force Publique wana afadhali kidogo, maana sehemu ya kumbukumbu zake imehifadhiwa Brussels. Mmoja wa askari wake, Albert Kunyuku, aliyekuwa katika kikosi cha tiba cha Wakongo huko Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipewa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022, akitajwa kuwa Mkongo wa mwisho aliyebaki kati ya waliopigana vita hivyo.

Familia za Buluo na za Likasi nzima zenye kijitabu cha zamani cha askari, barua ya cheo, picha yenye tarehe au karatasi ya malipo zisiichome wala kuiacha iliwe na mchwa. Zitoe nakala mbili, moja zipeleke ithibitishwe kwenye ofisi ya komini, na maelezo ya mzee aliyekuwa askari yaandikwe angali hai na kutiwa saini na mashahidi.