Ndia Kuu hadi Usita wa Mui: safari ya mwalimu wa Birongo

Yuko mwalimu mmoja Birongo, kule Ugusii, aliyefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini naye hajapata kuiona bahari. Mashairi ya Muyaka wa Mvita ameyasomesha, utendi wa Mwana Kupona ameufasiri ubeti kwa ubeti, na wanafunzi aliowatoa hawana idadi. Sasa amestaafu. Vuli hii ameazimia kushuka pwani aione Mombasa, kisha Lamu, na aende peke yake. Wanawe hawataki.

Nilikuwa Birongo kwa shughuli zangu, nami nikatiwa kati kama kadhi.

"Ndugu yangu," akaniambia, "wewe ni mtu wa huko. Nipangie safari, usinipangie sababu za kutokwenda."

"Mwalimu," nikamjibu, "safari nitakupangia, lakini wanao nao wana neno."

Waama wanalo. Barabara itokayo Garsen kwenda Lamu ina historia yake. Mwezi wa Juni 2014 watu wengi waliuawa Mpeketoni, na baada ya hapo mashambulio mengine yakatokea upande ule. Tena vuli ni mvua: mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko ya El Nino yaliikata barabara hiyo, abiria wakakwama. Vijana wakapendekeza mama apande ndege, ama akae nyumbani.

Mimi nikatoa shauri la Oktoba mwanzo. Kusi imelala, kaskazi haijaamka, bahari ina utulivu, na mvua za vuli aghalabu hazijashika. Wazungu nao hupenda majira hayo kwa safari za miji yao ya kale. Atokaye Florence kwenda Venice, huko Italia, hupanda garimoshi la kasi akafika kwa saa mbili na dakika chache. Hata hivyo hawasalimiki na maji: Novemba 2019 bahari ilipanda Venice hadi kiasi cha sentimita 187, watu wakavuka uwanja wa San Marco maji yakiwa mapajani. Baina ya Mombasa na Lamu hakuna reli. Ni basi la kutwa, halafu mashua.

Basi na apande hilo basi, lakini la alfajiri, na jioni ya kuamkia safari aulize hali ya njia kwa watu wa basi wenyewe. Akiambiwa si shwari, hapo apande ndege wala asione haya. Wanawe walilikubali hili shingo upande.

Mwalimu ni Msabato, na Jumamosi hasafiri. Kwa hiyo ataondoka Birongo Jumapili, ashike matatu ya Kisii, apitie Narok, alale Nairobi. Jumatatu apande garimoshi la SGR, lile lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017, na achague la mchana maana la usiku litampitisha Tsavo gizani. Atashuka Miritini, apate gari la kumwingiza mjini. Jumanne na Jumatano ni za Mombasa. Alhamisi alfajiri, safari ya Lamu. Ijumaa awe ameshafika, ajue adhuhuri maduka mengi yatafungwa watu waende msikitini, na Jumamosi apumzike kwa dini yake.

Wako watakaoniuliza habari ya mwanamke kusafiri bila ya maharimu. Jambo hilo lina wanazuoni wake, na mwalimu huyu si Mwislamu. Mimi niliulizwa njia.

Lakini kwa nini peke yake? Hili ndilo wanawe walilonibana nalo sana. Nikawaambia: wageni wakija kumi huzungumza wao kwa wao, wakarudi kwao na picha. Mtu mmoja akikaa barazani hatapita mtu bila ya kumwamkia. Na mama yenu hakufuata picha. Anafuata lugha.

Kwani mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa hiyo hiyo, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita na Kiamu, vilivyobeba hazina kubwa ya ushairi wetu, vikabaki maelezo ya chini ya ukurasa. Mwalimu amefundisha maelezo hayo maisha yake yote hali hajayasikia kinywani mwa mtu. Nikamwambia akifika Mji wa Kale aulize barabara ya Ndia Kuu. Hapo hahitaji kamusi. Ndia ni njia, na jina limeandikwa ukutani. Akifika Lamu aulize Usita wa Mui, na mui ni mji. Baina ya majina hayo mawili pana somo ambalo hakuna kitabu cha darasani kilichompa.

Ngome ya Yesu ataiona, haikwepeki. Wareno waliianza mwaka 1593, na aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milan. Asiimalizie siku nzima. Aupite Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa wa mwaka 1570, autazame mnara wake kwa nje, kisha aketi Kibokoni anywe kahawa.

Lamu nayo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, ila mwenye kufika na orodha mkononi huikosa. Aingie vichochoro vya Mkomani bila ya haraka, atazame milango iliyochongwa na madaka ya nyumba. Akisikia mtu anapiga kelele nyuma yake, asimame pembeni. Ni punda anapita na mzigo wa mawe.

Mizigo ndiyo tuliyobishana mwisho. Alitaka kubeba masanduku mawili. Nimempunguzia hadi mkoba mmoja, leso mbili, daftari na viatu vya kuvuliwa upesi, kwa sababu pale Mokowe mtu hushuka ngazi za gati kuingia mashuani, na mkono mmoja lazima uwe mtupu wa kushikia.