Kazi kwa Zamu: Istilahi Moja ya Kompyuta

Ipo dhana ya taaluma ya kompyuta ambayo mara nyingi huelezwa kwa Kiswahili kuwa ni "kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja". Tunaona kwamba maelezo hayo yanapotosha, hasa yanapohusu kompyuta ndogo za nyumbani za miaka ya 1980.

Kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na kichakataji kimoja, nayo iliundwa iendeshe programu moja tu. Hata hivyo, wataalamu waliiwekea baadaye mifumo iliyoendesha programu kadhaa. Vichakataji havikuongezeka; kilichoongezwa ni utaratibu wa zamu.

Tuchukue mfano. Tuseme huko Haneti, katika nyanda kavu za Ugogo, makundi matatu ya ng'ombe yamefika kwenye kisima chenye hori moja. Kundi la kwanza hunywa kidogo, likaondolewa, la pili likasogea. Kila mchungaji hana budi kukumbuka ng'ombe waliokwisha kunywa, ili zamu yake ikirudi aanzie alipoachia. Zamu zikiwa fupi sana, atazamaye kwa mbali atadhani makundi yote yanakunywa pamoja.

Hori ni kichakataji, na makundi ni programu. Anachokumbuka mchungaji ni hali ya programu: mahali ilipofikia na hesabu ilizokuwa nazo. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kichakataji cha Commodore 64 kilihifadhi anwani za kurejea katika nafasi ya baiti 256 tu, isiyoweza kuhamishwa. Programu zilipaswa kugawana nafasi hiyo finyu, au yaliyomo yanakiliwe kwingine kila zamu ilipobadilika, jambo lililokula muda.

Zamu zenyewe ni za namna mbili. Katika zamu ya hiari, kila mchungaji huliondoa kundi lake mwenyewe. Mmoja akikaidi, wote hukwama. Kiini cha mfumo wa Contiki, uliotungwa na Adam Dunkels wa Sweden na kutolewa mwaka 2003, kilifuata njia hiyo hata kwenye Commodore 64. Katika zamu ya lazima, yupo msimamizi wa kisima atoaye amri. Ndani ya kompyuta, saa ndiyo hukatiza kazi iliyopo na kumpa msimamizi nafasi ya kuamua. Amiga ya mwaka 1985 ilitoka kiwandani ikiwa na utaratibu huo.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

kazi kwa zamu: programu kadhaa kupokezana kichakataji kimoja;
kazi sambamba: programu kuendeshwa kwa pamoja kweli, na vichakataji zaidi ya kimoja;
mgawa zamu: sehemu ya mfumo inayoamua programu ipi ifuate;
katizo: ishara inayosimamisha kazi kwa muda.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kazi zote hufanyika wakati mmoja hataelewa kwa nini programu moja ikikwama kompyuta nzima huweza kuganda. Aliyefundishwa neno "zamu" ana jibu tayari.