Ufundi wa kugeuza roboti ya mashindano

TAKA zinazoletwa na mawimbi si jambo geni Kiunga, kaskazini mwa visiwa vya Lamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa huko walianza kuokota kandambili zilizotapakaa kwenye fuo wanakotagia kasa, wakazigeuza kuwa vinyago na mapambo.

Oktoba 2019, kero hiyo ya taka za baharini ndiyo iliyokuwa mada ya mashindano ya roboti ya FIRST Global mjini Dubai. Vijana kutoka nchi zaidi ya 180 waliendesha roboti za magurudumu zilizokusanya mipira iliyowakilisha taka, kila mchezo ukichukua dakika mbili na nusu.

Katika mashindano hayo kila nchi hupewa vifaa vya aina moja, hivyo ushindi hutegemea zaidi ujuzi wa kuvitumia. Miongoni mwa mambo yanayozitatiza timu changa ni namna ya kuifanya roboti igeuke upesi na kwa usahihi.

Mkokoteni wa magurudumu mawili hugeuka kwa urahisi: gurudumu moja huenda mbele, la pili hurudi nyuma, wala hakuna linaloburutwa. Roboti nyingi hugeuka kwa njia hiyo hiyo, mota za upande mmja zikisukuma mbele na za upande wa pili zikirudi nyuma. Hata hivyo, roboti yenye magurudumu manne yasiyokata kona hulazimika kuyaburuta kwa ubavu. Msuguano huongezeka, roboti hurukaruka, mota hufyonza umeme mwingi na nguvu ya betri hushuka ghafla.

Tiba ya kwanza ni umbo. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakikaribiana, na ya kushoto yakiwa mbali na ya kulia, kuburutwa hupungua.

Tiba ya pili ni kufunga magurudumu ya omni mbele au nyuma. Haya yana vigurudumu vidogo kwenye ukingo wake, hivyo huteleza kwa ubavu bila kukwama, na roboti huzunguka kwa kuegemea yale mawili ya kawaida. Betri, ambayo ni nzito, yafaa ikae karibu na magurudumu hayo ya kawaida. Kasoro yake ni kwamba roboti ya namna hiyo husukumwa kando kwa urahisi na mpinzani.

Tiba ya tatu imo katika programu. Ikiwa nafasi baina ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ni sentimita 40, kugeuka nyuzi 90 papo hapo kunataka kila gurudumu lisafiri takriban sentimita 31. Lakini magurudumu huteleza, na hesabu hiyo hupotoka. Kosa la nyuzi tano tu huipeleka roboti kando kwa sentimita 26 baada ya mwendo wa mita tatu. Ndiyo maana hutumika jairoskopu, kifaa kinachopima roboti imegeuka kiasi gani, na programu hupunguza kasi kadiri pembe inayotakiwa inavyokaribia.

Aidha, majaribio yafanywe juu ya sakafu inayofanana na ya uwanja, betri ikiwa imejaa na pia ikiwa imepungua. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, bali subira na vipimo, na kwa timu isiyo na mfadhili mkubwa hapo ndipo pa kutafuta ushindi.