Vipimo vya mimba: mzigo mwepesi unaoogopa jua

Wenye maduka ya dawa wanaopitisha mzigo Kitai kuteremka Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, waangalie upya katoni za vipimo vya mimba. Ni bidhaa nyepesi kuliko gunia la kahawa, lakini huharibika bila kuonyesha.

Mnunuzi halipii karatasi. Analipia kingamwili ya maabara, iliyotengenezwa inase protini moja tu, homoni ya hCG, inayotoka kwenye kondo la nyuma la mjamzito. Njia ya kuzalisha kingamwili za namna hiyo ilipatikana Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Köhler na Milstein walioivumbua hawakuichukulia hataza. Waliovuna fedha ni wengine.

Kingamwili yenyewe ni protini, na joto huiua. Pakiti nyingi huagiza nyuzi 2 hadi 30. Katoni iliyoshinda juani juu ya gari inaweza kumjibu mama mjamzito kwamba hana kitu.

Ruvuma ndiko maduka ya dawa muhimu yalikoanzia, mwaka 2003, na wateja wanajua duka la kuaminika. Nunua kidogo kidogo, soma tarehe ya mwisho, dai risiti. Asiye na chumba chenye ubaridi, kwa maoni yetu, bora auze sabuni.