Tablo inawaka nusu: muangalie na taa za nyuma

Usiku ukiingia ku Kolwezi, motokari nyingi zinaonyesha ugonjwa ambao muchana hauonekani. Shofere anawasha taa, na mu tablo upande wa kushoto unawaka vizuri, upande wa kuume ni giza. Ao pale katikati kunakuwa doa moja jeupe lenye kuumiza macho, na pembeni hakuna kitu. Kukiwa bahati mbaya, sehemu yenye kufifia njo ile ya kati ya 40 na 80, ni kusema mwendo wenyewe tunaotembea nao. Mutu anazoea. Atakuambia: “Minasikiaka moteri na masikio.”

Masikio hayasikie joto la maji. Kipimo cha joto kinakaa mu kona ya tablo, na kona ile ikiwa giza, mushale unaweza kupanda mupaka ku alama nyekundu na shofere asiuone. Kilase, kile kichwa cha moteri, kikipindika, kwa mwenye teksi ni myezi ya kazi inapotea. Na hii yote ni juu ya ampuli ndogo kuliko kidole cha mutoto.

Motokari nyingi ndogo za huku zilitembea kwanza ku Japon. Zinashuka ku bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tunduma, zinakata Zambia, zinaingilia Kasumbalesa. Ni rahisi kuzitambua: usukani uko kuume, na kompteri inaishia 180. Zikifika kwetu tayari ni za umri, na ampuli zao ni za umri vilevile.

Watu wengi wanafikiri kila namba iko na taa yake. Hapana. Nyuma ya tablo ya Toyota ya miaka ya 1990 kuko ampuli chache tu za volti 12, kila moja mu kishikio cha plastiki chenye kuzungushwa. Nuru yao inapita mu kipande cha plastiki kieupe chenye kuitawanya nyuma ya ubao wa namba. Kuran inaletwa na karatasi laini yenye mistari myembamba ya shaba. Ndiyo, shaba, ile ile wanayotoa chini ya miguu yetu. Inarudia nyumbani ikiwa nyembamba kama unywele.

Kwa hiyo ampuli moja ikikufa, si namba moja inazimika, ni eneo nzima. Na inaweza kuwaka lakini hafifu. Uzi wa ndani ni wa tungsten, na kadiri unavyowaka, tungsten inatoka kidogo kidogo na kupaka weusi ndani ya kioo. Mitetemo ya njia mbovu inakata uzi ule mbele ya wakati wake. Vumbi ya kipwa nayo inaingia pa vishikio na kuzuia kuran.

Halafu kuko ugonjwa tunaojiletea sisi wenyewe: ampuli za LED. Zinauzwa kila mahali, zinawaka kwa rangi ya bluu na nyeupe, vijana wanazipenda sana. Wachimbaji wataelewa upesi shida yake. Taa ya kichwa inapiga mbele tu. Ukiangalia ukuta unaona duara moja kali, pembeni ni giza. Taa ya zamani ya karbidi ilikuwa inatawanya nuru kila upande. Ampuli ya uzi ni kama ile ya karbidi, na tablo ilitengenezwa kwa ajili yake. Ukiweka LED yenye kupiga mbele tu, utapata lile doa jeupe. Mutu akizitaka, achague zile zenye kutoa nuru pembeni, na ajue kama kale kagurudumu ka kupunguza mwangaza kanaweza kukataa kufanya kazi nazo.

Kuko ampuli moja ambayo haifai kugeuzwa LED hata kidogo: ile ya batri, taa nyekundu yenye kuwaka mbele ya moteri kulia. Mu motokari nyingi za zamani, kuran yenye kupita mu ampuli ile njo inaamusha alternateri. Ikikufa, ao ukiweka LED yenye kupitisha kuran kidogo sana, alternateri inaweza kukataa kuchaji. Utafika asubui pa kazi, batri imekufa, na mekanisie atakuuzisha alternateri nzima.

Mbele ya kufungua kitu chochote, jaribu hivi mu giza. Washa taa ndogo, kisha zungusha kale kagurudumu mupaka mwisho. Watu wengi walikarudisha chini siku moja na kusahau. Kama tablo yote inapanda na sehemu moja inabakia nyuma, tafuta ampuli ao kishikio. Lakini kama tablo yote imezimika kabisa, usifungue tablo. Shuka, zunguka, angalia taa za nyuma. Mu Toyota nyingi, nuru ya tablo na taa za nyuma zinakula ku fizibo moja, ile yenye kuandikwa TAIL. Taa kubwa za mbele ziko na fizibo yazo, kwa hiyo shofere anaona njia vizuri na anafikiri ni tablo tu. Nyuma yake, pa barabara ya Likasi, kuko kamio imebeba asidi ao madini, na shofere wa kamio haone kitu. Tablo yenye giza ni taa ya alama ambayo hakuna mutu aliyeipanga kuwa alama. Fizibo ikiungua tena mara moja baada ya kuigeuza, usiweke kubwa zaidi wala uzi wa shaba: kuko waya unaogusana pahali, mara nyingi kule nyuma.

Kama ni ampuli, kazi yake haihitaji fundi mukubwa. Ondoa waya wa kutoa ku batri. Toa vise polepole, plastiki ya zamani inavunjika kama biskuti. Usiguse mishale: ukiitoa na kuirudisha vibaya, kompteri itasema uongo maisha yake yote. Geuza ampuli zote za nuru mara moja, juu moja mupya kati ya tatu za zamani itakuletea doa lingine. Weka za wati zile zile. Kubwa zaidi zinatoa joto na kuyeyusha plastiki. Pale pa shaba penye weusi, sugua kidogo na gome ya mutoto wa shule.

Tablo za kisasa ziko na LED ndogo zilizochomelewa ku sahani. Hapo mekanisie wa kawaida asishike. Nenda kwa fundi wa telefoni mwenye chuma chembamba cha kuchomelea. Na zile zenye namba za kung'aa mu weusi, Toyota inaziita Optitron na ilizianzisha ku Lexus LS 400 mwaka wa 1989, ziko na mitindo yenye kutumia volti nyingi sana ndani. Usiingize kidole wakati batri imefungwa. Ziko na mutego mwingine: zinawaka hata kama taa za inje hazijawashwa, na shofere anaondoka mu muji bila taa.

Wengine wanachoka, wanakwenda kununua tablo nzima ku motokari iliyokufa. Inawezekana, lakini kilometa zitakuwa za motokari ile ingine. Mbele ya kugeuza, andika kilometa za zamani na tarehe ku karatasi, na uichunge pamoja na karte roze.