Bima ya wastaafu Marekani: Ada ndogo si lazima iwe bei ndogo

Kila mwaka, kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7, nchini Marekani hufunguliwa soko ambalo halina mnada wala ubao wa bei. Wanunuzi ni wazee. Bidhaa ni Medicare, bima ya matibabu ya serikali, pamoja na bima za kampuni binafsi zinazouzwa juu yake au badala yake. Anachochagua mstaafu katika siku hizo 54 huanza kazi Januari 1, na aghalabu humfunga kwa mwaka mzima.

Soko hilo si la Wamarekani wa kuzaliwa peke yao. Watanzania, Wakenya na Wakongo waliokwenda kusoma au kutafuta kazi huko miaka ya 1980 na 1990 sasa wanafikisha miaka 65. Wengine wamewachukua wazazi wao. Wapo pia wenye hisa za kampuni zinazouza bima hizo.

Wengi wao huacha mpango wa mwaka jana ujiendeleze wenyewe, au husaini karatasi ya wakala aliyewahi kupiga simu. Kosa lao ni lile lile la sokoni: kutazama bei ya kuingilia na kusahau gharama ya kutoka.

BIDHAA ZENYEWE

Medicare ilianzishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson Julai 30, 1965. Hivi leo ina sehemu nne.

Sehemu A hulipia kulazwa hospitali. Wastaafu wengi hawaitozwi ada, kwa kuwa wao au wenzi wao walikatwa kodi ya Medicare kazini kwa muda usiopungua miaka 10. Sehemu B hulipia madaktari, vipimo na matibabu ya wasiolazwa. Ada yake ya kawaida kwa mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi. Mgonjwa hulipa mwenyewe dola 283 za kwanza za mwaka, kisha kwa huduma nyingi serikali hulipa asilimia 80 naye asilimia 20. Hiyo asilimia 20 haina kikomo, na hapo ndipo penye hatari.

Sehemu D ni ya dawa. Ilianza mwaka 2006 na huuzwa na kampuni binafsi. Sehemu C, iitwayo Medicare Advantage, ni kampuni binafsi kuchukua kazi yote ya A na B, na mara nyingi na D, kwa malipo kutoka serikalini. Zaidi ya nusu ya wenye haki ya kuichagua wamo humo.

Kwa hiyo mstaafu ana njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na Medicare ya serikali, akanunua bima ya nyongeza iitwayo Medigap ya kuziba ile asilimia 20, na mpango wa dawa wa Sehemu D. Ya pili ni kuingia Sehemu C, ambako mipango mingi haitozi ada yoyote juu ya ile ya Sehemu B na huongeza meno, miwani na vifaa vya kusikia.

HESABU YA MWAKA MZURI NA MWAKA MBAYA

Chukua mfano wa mstaafu anayeuziwa Medigap ya aina ya G kwa dola 160 kwa mwezi na mpango wa dawa kwa dola 40. Ada hizo mbili ni za mfano tu, kwani hutofautiana kwa jimbo, umri na kampuni. Tarakimu nyingine ni viwango vya serikali vya mwaka 2026.

Kwa mwaka mzima atalipa Sehemu B dola 2,434.80, Medigap na dawa dola 2,400, na zile dola 283 za kwanza ambazo aina ya G haizilipi. Jumla ni dola 5,117.80. Akiugua sana, bili za hospitali na madaktari kwa huduma zinazokubaliwa na Medicare hazitamwongezea kitu. Dawa zilizo katika orodha ya mpango wake haziwezi kumgharimu zaidi ya dola 2,100. Mwaka mbaya kabisa basi ni dola 7,217.80.

Jirani yake ameingia Sehemu C isiyo na ada. Naye analipa Sehemu B dola 2,434.80. Akiwa mzima na kumwona daktari mara chache, tuseme anachangia dola 200; jumla dola 2,634.80. Akiugua sana, mpango wake unaweza kumtoza hadi dola 9,250 kwa watoa huduma walio katika orodha ya kampuni, na dola 2,100 za dawa. Mwaka mbaya kabisa ni dola 13,784.80. Mipango mingine huweka kikomo cha chini ya hicho, lakini hicho ndicho sheria inachoruhusu.

Kwa mfano huo jirani anaokoa dola 2,483 katika mwaka mzuri na anajiweka katika hatari ya kulipa dola 6,567 zaidi katika mwaka mbaya. Si biashara ya kipumbavu. Mwenye afya akiweka akiba kile anachookoa, miaka mitatu mizuri inatosha kubeba mmoja mbaya. Taabu ni kwamba wengi hawaweki, na maradhi hayafuati kalenda. Kikomo huanza upya kila Januari 1. Anayegunduliwa saratani mwezi Oktoba anaweza kufikia kikomo cha mwaka huo kisha akaanza kulipa cha mwaka unaofuata bado akiwa kitandani.

MLANGO WA KUTOKEA

Wakala anayeuza Sehemu C husema, na ni kweli, kwamba mstaafu anaweza kurudi Medicare ya serikali kila Oktoba. Jambo ambalo aghalabu halitiliwi mkazo ni kwamba Medigap hailazimiki kumpokea.

Sheria ya nchi humpa mstaafu miezi sita tu, tangu afikishe miaka 65 na kuwa na Sehemu B, ya kununua Medigap bila kuulizwa habari za afya. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, kampuni inaweza kumpandishia bei au kumkatalia kwa sababu ya kisukari, moyo au figo. Majimbo manne yana kinga pana zaidi: New York, Connecticut, Massachusetts na Maine.

Ipo nafuu kwa wachache. Aliyeingia Sehemu C kwa mara ya kwanza ana miezi 12 ya kujaribu na kurudi. Ambaye mpango wake umefungwa na kampuni naye hupata haki ya kununua baadhi ya aina za Medigap bila maswali ya afya, lakini haki hiyo hudumu siku 63 tu baada ya bima kukoma. Barua ya kufungiwa mpango si ya kutupwa. Kwa mgonjwa, huenda ndiyo fursa pekee atakayoipata.

Wakala naye ana masilahi yake. Kwa mwaka 2026 kamisheni ya juu inayoruhusiwa katika majimbo mengi ni dola 694 kwa mteja mpya wa Sehemu C, na dola 347 kila mwaka anapobaki. Hilo halimfanyi kuwa mwongo, lakini mnunuzi hana budi kujua muuzaji analipwa na nani. Kila jimbo lina washauri wa Medicare wasiolipwa kamisheni, na simu ya Medicare yenyewe hutoa mkalimani bila malipo.

UPANDE WA KAMPUNI

Katika Sehemu C, serikali hulipa kampuni kiasi fulani kila mwezi kwa kila mwanachama. Matibabu yakigharimu pungufu, kampuni inapata faida. Yakizidi, inapata hasara. Mwaka 2025 yalizidi. Mwezi Mei, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, UnitedHealth, iliondoa makadirio yake ya faida ya mwaka, mkurugenzi mkuu Andrew Witty akaachia ngazi na Stephen Hemsley akarudi kushika nafasi hiyo. Hisa zake zilishuka vibaya. Julai mwaka huo ikatangaza kufunga kwa mwaka 2026 mipango iliyokuwa na wanachama zaidi ya 600,000.

Funzo kwa mwekezaji ni kwamba dawa ya kampuni iliyopata hasara hujulikana: kupunguza marupurupu, kupunguza hospitali katika orodha, kuongeza vibali vinavyohitajika kabla ya tiba, na kuondoka katika wilaya zisizolipa. Mwenye hisa hushangilia kampuni inapobana matumizi. Mwenye kadi ndiye anayebanwa. Ndiyo sababu mpango uliokuwa mzuri mwaka jana haufai kuachwa ujiendeleze bila kusomwa. Kampuni hutakiwa kumfikishia mwanachama taarifa ya mabadiliko kabla ya Septemba 30 kwisha. Wengi huiweka juu ya kabati.

DAWA

Orodha ya dawa hubadilika kila mwaka, hata ada isipobadilika. Kikomo cha dola 2,100 huhesabu dawa zilizo katika orodha tu. Iliyo nje mgonjwa hujilipia yote. Insulini inayolipiwa na mpango haizidi dola 35 kwa mwezi. Kuanzia Januari 1, 2026, bei zilizojadiliwa na serikali kwa dawa 10 za kwanza zimeanza kutumika. Januvia ya kisukari, ambayo bei yake ya kitabuni mwaka 2023 ilikuwa dola 527 kwa siku 30, sasa ni dola 113. Eliquis ya kuzuia damu kuganda imetoka dola 521 hadi dola 231.

MWENYE HISA AJIHADHARI

Ada ya Sehemu B hupanda kwa mwenye kipato kikubwa, na kipato kinachotazamwa ni cha miaka miwili nyuma. Kwa mwaka 2026 ilitazamwa hesabu ya kodi ya mwaka 2024. Asiye na mwenzi aliyezidisha dola 109,000, au mume na mke waliozidisha dola 218,000, kila mmoja huanza kulipa dola 284.10 badala ya 202.90. Ni nyongeza ya dola 974.40 kwa mwaka kwa kila mtu, na huja hata kama kiwango kimezidishwa kwa dola moja.

Mstaafu anayeuza hisa zenye faida kubwa, au shamba, kwa mkupuo mmoja anaweza kujikuta amelipa kodi mwaka ule na bima miaka miwili baadaye. Kugawa mauzo hayo, nusu Desemba na nusu Januari, mara nyingine hutosha.

Nyongeza ya pensheni nayo hailiwi yote. Kwa mwaka 2026 malipo ya uzeeni yalipanda asilimia 2.8, wastani wa dola 56 hivi kwa mwezi kwa mstaafu. Sehemu B ilipanda dola 17.90, takriban theluthi ya nyongeza hiyo.

WANAORUDI NYUMBANI

Isipokuwa katika hali chache sana, Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani. Kadi haina kazi Muhimbili wala Mombasa. Baadhi ya aina za Medigap, ikiwamo G, hulipa asilimia 80 ya dharura katika siku 60 za kwanza za safari baada ya mgonjwa kulipa dola 250, na kwa jumla isiyozidi dola 50,000 maisha yote. Hiyo ni bima ya kutembelea ndugu, si ya kuhamia.

Anayehamia ana mizani ngumu. Akiendelea na Sehemu B, analipa dola 2,434.80 kwa mwaka bila huduma. Akiiacha kisha akarudi Marekani baada ya miaka mitano, hutozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila mwaka kamili aliokosa. Kwa viwango vya 2026 ada yake ingekuwa dola 304.35 kwa mwezi, na nyongeza hiyo ni ya maisha. Pia hawezi kujiandikisha siku yoyote. Husubiri Januari hadi Machi.

Kwa mzazi aliyechukuliwa na wanawe, sharti ni miaka mitano mfululizo ya ukaazi wa kudumu. Asiyefanya kazi huko, wala mwenzi wake, hununua Sehemu A kwa hadi dola 565 kwa mwezi, kwa viwango vya 2026.

VIWANGO VYA MWAKA 2026 (dola za Marekani)

Ada ya Sehemu B kwa mwezi: 202.90
Malipo ya kwanza ya mgonjwa, Sehemu B: 283
Malipo ya kwanza akilazwa, Sehemu A: 1,736
Malipo ya kwanza ya dawa, yasizidi: 615
Kikomo cha dawa kwa mwaka: 2,100
Kikomo cha juu cha Sehemu C, ndani ya orodha: 9,250

KABLA YA KUSAINI

Mwenye busara huandika mambo manne katika karatasi moja: madaktari wake, dawa zake na vipimo vyake, kiasi anachoweza kulipa katika mwaka mbaya bila kuuza nyumba, na mahali anapokusudia kuishi. Kisha huuliza kila mpango maswali yale yale. Aliyekwisha kuingia Sehemu C na kujuta ana nafasi moja ya kubadili kati ya Januari 1 na Machi 31, lakini Medigap inabaki na haki yake ya kumuuliza habari za afya.

Anayefikiria kuhama kutoka Sehemu C kwenda Medigap hana budi kupata kwanza jibu la maandishi kwamba amekubaliwa, ndipo aache aliyonayo. Akiachia ya mkononi kabla ya kushika nyingine, atabaki na ile asilimia 20 isiyo na kikomo.