Kiingereza unakijua, lakini je, unakisoma?

Mwaka 1959, Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, Homa Bay, alisaidia vijana 81 kwenda kusoma Marekani kwa ndege. Siku hizi, mhitimu wa Migori au Homa Bay anayetaka shahada ya uzamili huko huenda akatakiwa kufanya mtihani wa GRE. Sehemu ya lugha ina maswali 27 kwa dakika 41.

Mtego ni huu: taarifa ikihusu ziwa, mtoto wa mvuvi hujibu ayajuayo, si yaliyoandikwa.

Ndugu msomaji, kila jioni soma aya moja ya gazeti la Kiingereza. Ifunike, ueleze kwa lugha ya nyumbani mwandishi anasema nini. Kisha ifunue, uonyeshe mstari unaothibitisha jibu lako. Ukiukosa, soma tena.